Mshubiri wa Mwanatabu

Mwanatabu aliporudi Timbwani kutoka msibani Kwale, hata mzigo hakuutua. Mshubiri aliopewa na marehemu mamake ulikuwa umelala chunguni, majani yamelegea na kuwa ya kahawia. Aliposhika shina, liling'oka lote. Mizizi ilikuwa imeoza, inanuka.

"Jacktone!" alimwita mpangaji wake.

"Naam, mama. Shikamoo. Mmea wako nimeutunza, kila asubuhi niliumwagilia ndoo nzima."

"Ndoo nzima? Si nilikwambia usiuguse? Miaka tisa nautia kikombe kimoja kwa wiki mbili, na kiangazi hakijauua. Wewe umeuzamisha kwa siku kumi!"

"Niliuonea huruma, mama. Jua lilikuwa kali."

"Wallahi, huruma gani hiyo isiyosikia la mtu?"

Mwanatabu alichukua kisu, akakata kichipukizi kimoja kilichokuwa bado kigumu, akakiweka kivulini ili kidonda kikauke. Siku ya tano alikipanda chunguni, kwenye mchanga na kokoto. Baada ya mwezi kilishika mizizi, lakini hasira zilikuwa hazijamtoka. Chungu alikihamishia dirishani chumbani mwake, na mlango akautia kufuli.