Simu ya Kupigia Gita

Binti yangu aliigeuza simu yake ya zamani kuwa amplifaya yangu, kisha akaondoka. Habari yenyewe ndiyo hiyo, na ningeishia hapo kama ningekuwa mtu wa maneno machache.

Amplifaya niliyokuwa nayo kabla ilikuwa nzito kama mfuko wa saruji, na ilipoungua niliapa kwamba gita nimelitundika. Siku za kazi mimi ni fundi wa makochi. Jumamosi, kwenye harusi za watu, ndipo najiona mtu. Binti akaniambia, "Baba, acha kununa. Lete waya." Akachomeka gita kwenye kidude kidogo kama kiberiti, kidude kwenye simu, simu kwenye spika. Siku tatu alikaa juu ya stuli karakanani kwangu, katikati ya sponji na misumari, akisogeza vidole kwenye kioo: mwangwi kidogo, mkwaruzo kidogo, hapana, umezidi. Alipoipata sauti aliyoitaka akaihifadhi kwa jina "Baba". Akatia laini yangu humo, halafu akanipa amri moja tu: kabla ya kupiga, gusa alama ya ndege ili mtandao ukatike, maana mtu akikupigia, gita litakufa katikati ya wimbo.

Wiki mbili baadaye tuligombana juu ya mwanamume ambaye binti alitaka kumfuata mji mwingine. Hasira zangu hazijui kubisha hodi. Nilimwambia akivuka kile kizingiti asinipigie simu tena maishani. Akavuka. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na kama ulimi ungekuwa na ukucha, wangu ungekuwa umeng'oka siku ile. Nilipomeza kiburi nikampigia, namba yake haikupatikana, na haijapatikana hadi leo. Mwaka na miezi minne. Namkumbuka hata nikisikia mtu anavuta stuli.

Kwa hiyo niliacha kugusa alama ya ndege. Nilipiga harusi baada ya harusi simu ikiwa wazi, nikijua anaweza kupiga saa yoyote. Mkuu wa bendi, mpiga kinanda tunayemwita Ndevu, hakulijua hilo mpaka Jumamosi moja, bibi harusi yuko katikati ya zulia, simu ikaita. Gita likakatika, ukumbi mzima ukajaa mlio wa simu. Nikadhani ni yeye, nikapokea palepale. Ilikuwa mashine ya kampuni ya simu, inanitangazia vifurushi, na wageni waalikwa wote wakaisikia hadi bei.

"Kaka," Ndevu aliniambia baadaye, "utaikata mtandao hiyo simu, au utatafuta bendi nyingine. Chagua mwenyewe."

Jumamosi iliyofuata nikaigusa alama ya ndege. Bibi harusi aliingia taratibu kama anahesabu vigae, na gita langu likatoka safi, sauti ileile aliyonitafutia binti yangu. Wageni walipoanza kula nikaketi nyuma ya jukwaa, nikarudisha mtandao. Ujumbe ukaingia: namba nisiyoijua ilikuwa imenipigia mara tatu.

Nikapiga. Akapokea mama mmoja, nyuma yake honi na watu wanaitana.

"Wewe ndiye baba yake? Mimi nauza machungwa hapa stendi. Kuna binti aliomba simu yangu."

"Yuko wapi? Nipe niongee naye."

"Basi limeondoka naye sasa hivi, mzee wangu. Lilisimama kidogo tu."

"Alikuwa amekasirika?"

"Akasirike kwa nini? Alipokukosa mara ya kwanza alicheka. Akasema, 'Baba anapiga gita, bibi harusi anaingia. Wimbo huo ni dakika nane, mama, niache nisubiri.' Akakaa hapa kwenye benchi langu. Akajaribu tena, akajaribu tena. Dereva ndiye aliyekataa kusubiri."

"Basi la wapi, dada?"

"Hapa yanapita mabasi mia. Mimi macho yangu yako kwenye machungwa."

"Hakuacha namba?"

"Hana simu. Amesema atajaribu tena njiani, akipata msamaria wa kumwazima."

Nilimshukuru, sijui hata kwa maneno gani. Nilitamani kulia na palikuwa pamejaa wapishi. Ndevu akachungulia. "Kaka, twende. Keki inakatwa."

Nikapanda jukwaani, nikaketi. Kidole changu kilisimama juu ya alama ya ndege, kikakataa kushuka. Nikachomoa waya, simu nikaiweka pajani ikiwa wazi, nikapiga hivyohivyo. Gita la umeme bila amplifaya lina sauti ya mbu tu. Nilipiga nyimbo zote nne zilizobaki, kila noti mahali pake, na ukumbini hakuna aliyenisikia. Ndevu aliniangalia, akaliangalia paja langu, kisha akaongeza sauti ya kinanda chake.