Finjani la Sela

Nusu ya watoto wa mji wa Ibra, huko Omani, walizaliwa mikononi mwa Bi Khole, maana alikuwa mkunga mpaka alipostaafu, na katika wote hao hakuona mkaidi kama wa kwake mwenyewe. Mungu alimjaalia mmoja tu, wa kiume, Yaqoob, na kichwa chake kigumu kama kokwa ya tende.

"Hamwendi tena, Mama," Yaqoob alisema. "Mara ya kwanza nilinyamaza. Sasa nyinyi watu wazima. Mkifa huko Tonga, atakuosheni nani?"

Tonga yenyewe ni visiwa vya bahari ya Pasifiki, vidogo hata kwenye ramani utadhani nzi katua akaacha uchafu wake. Huko kuna Waislamu wachache, watu wa miili mikubwa na wepesi wa kucheka, na msikiti wao wa mabati. Walipoomba waletewe mume na mke watu wazima wa kuwafundisha dini, watu wa kheri wa Maskati wakawapata Bi Khole na mumewe, Bwana Humaid, fundi wa umeme aliyestaafu. Wakakaa miaka miwili. Bwana Humaid akasomesha wanaume Kurani, na msikiti mzima akautia taa. Bi Khole akachukua wanawake. Somo la kwanza waliloliomba lilikuwa kuosha maiti.

Na walikuwa na sababu. Kabla wazee hawajafika, mama wa mmoja wao, Sela, alikufa, na hapakuwa na mwanamke hata mmoja aliyejua la kufanya. Walimzika na nguo zake, wakilia. Sela ndiye aliyemshika Bi Khole mikono siku ya kwanza akamwambia, "Isitokee tena." Basi Bi Khole akachukua mto wa kulalia, akauvisha gauni, akawafundisha juu yake, na wanawake wale walicheka mpaka wakalia, kisha wakalia kweli, kisha wakajifunza.

Sasa wazee wamerudi Ibra, na Tonga wanawataka tena, kwani kwenye visiwa vyao vya kaskazini bado hakuna ajuaye kuosha. Bi Khole alitaka kwenda. Alitaka mno, asikwambie mtu! Lakini Bwana Humaid kashika neno lake: "Mama Yaqoob, bila ya radhi ya mtoto mimi sitoki mlangoni. Sipandi ndege na nyuma yangu mwanangu kanuna."

Na Yaqoob alinuna. Alijua kununa huyo, tangu mdogo.

Mambo yalikuwa hapo hapo pale Sela na kaka yake Tevita walipomaliza Umra yao, wakasema hawarudi kwao mpaka wafike Ibra kumwamkia mwalimu wao. Walifika baada ya sala ya alasiri. Wiam, mke wa Yaqoob, alichungulia dirishani, mara akarudi mbio.

"Mama! Yule mwanamume kajifunga mkeka kiunoni, juu ya nguo!"

"Ndiyo heshima yao. Kwao ukenda mbele ya wakubwa bila ya mkeka ni sawa na kwenda uchi."

"Basi bora kaufunga," Wiam akasema, akakimbilia jikoni.

Sela aliingia, akapiga kelele, "Shikamoo, Mama Khole!" kwa Kiswahili alichofundishwa, akamkumbatia mpaka mbavu zikamlia. "Marahaba, mwanangu, marahaba! Hebu niachie nipumue!"

Wakakaa wote sebuleni. Amu Tamim, ndugu yake Bwana Humaid, alikuwa kaja kutoka Nizwa na halwa yake, kwani mgeni wa ndugu ni mgeni wako. Na Yaqoob, kanuna hakununa, alikuwa mwenyeji, na hakuna atakayesimama aseme Yaqoob bin Humaid hajui kupokea wageni. Dele la kahawa alilishika kwa mkono wa kushoto, finjani kwa wa kulia, akamimina mwenyewe. Akaanza kwa Tevita. Tevita akatikisa kichwa, akamwonesha dada yake. Kwao dada ndiye mwenye cheo, na kaka hatii kitu mdomoni kabla yake.

Yaqoob akampa Sela. Sela akalipokea finjani kwa mkono wa kulia, akashukuru, akaliweka juu ya zulia mbele ya magoti yake. Hakunywa.



"Labda hajazoea kahawa chungu," Wiam akanong'ona. "Nimletee sukari?"

"Sukari ya nini!" akasema Amu Tamim. "Yaqoob, mgeni kaweka finjani chini."

Hakuna mtu mle ndani asiyejua maana yake. Mgeni mwenye haja nzito hainywi kahawa mpaka mwenye nyumba amuahidi, na mwenye nyumba mwenye uso hamuulizi kwanza ni haja gani.  Bi Khole alikumbuka siku moja ya mvua kule Tonga, somo limekwisha, akawahadithia wanawake ada hiyo, mazungumzo tu ya kupitisha wakati. Akainamisha macho kwenye vidole vyake vya hina. Hakumtuma Sela, wallahi hakumtuma. Lakini wala asingemkataza.

Yaqoob akacheka. "Ah, Amu! Mtu wa Tonga atayajuaje mambo yetu? Kasahau tu."

"Kajua hakujua, finjani liko chini, na mimi macho ninayo."

Yaqoob akamtazama yule mwanamke. Atataka nini? Tende za safari, au kupelekwa mchangani akaone ngamia. Akajaa kifua, mkono moyoni, akasema kwa Kiingereza ili wageni wafahamu: "Kunywa, bibi. Ulilolijia umelipata."

Sela hakuligusa finjani. "Ahsante," akasema. "Nimekuja kukuomba mama yako na baba yako. Tupe tena, kwa miaka miwili."

Lo! Yaqoob alibaki kasimama na dele lake. Amu Tamim akaanza kukohoa, kikohozi cha mtu anayeficha kicheko.

"Mama! Umemfundisha wewe!"

"Nimewafundisha mengi," akasema Bi Khole. "Sikujua lipi litashika."

Yaqoob akakaa chini. Hasira zilimtoka usoni, na kilichokuwa chini yake kikaonekana. Alipozungumza, alizungumza na Sela tu.

"Sikatai kwa uchoyo," akasema. "Mama yangu hana binti. Mimi ni mwanamume, siku yake ikifika sitaweza kumwosha. Hapa yupo mke wangu, wapo shoga zake. Huko mpaka mimi nifike keshazikwa. Nani atamwosha mama yangu? Mtu asiyemjua?"

Bi Khole akamtazama mwanawe. Miezi yote hiyo alidhani ni ukaidi, kumbe mtoto anaogopa. Uchungu ulimshika.

"Mimi," akasema Sela.

Akainyoosha mikono yake mikubwa mbele ya Yaqoob.

"Maji yatakuwa ya vuguvugu. Nitaanza upande wa kulia. Sitamfunua hata tukiwa peke yetu, kwa sababu yeye katuambia maiti ana haya yake. Nywele zake nitazisuka misuko mitatu, nizilaze nyuma. Mama yangu mimi sikujua la kumfanyia. Wa kwako nitajua. Yeye ndiye aliyeifundisha mikono hii."

 Yaqoob akaliokota lile finjani kwenye zulia, kahawa imekwisha kupoa. Akaimwaga, akalisuuza finjani, akamimina nyingine ya moto. Akapiga magoti, akampa Sela kwa mikono miwili, na safari hii akasema kwa Kiswahili.

"Kunywa, dada yangu."

Sela alilijua neno hilo. Akanywa yote, akakunja uso kwa uchungu wa kahawa, akalinyoosha finjani aongezwe.

Bi Khole akalia mbele ya watu wote, wala hakuona haya. Kisha akajifuta kwa pembe ya mtandio wake, akamgeukia mumewe.

"Baba Yaqoob," akasema, "shusha masanduku ya safari."