Michembe Iliyoanikwa Juu ya Sola

Asubuhi moja ya kiangazi, katika kitongoji kimoja nyuma ya reli ya Usoke, Apolinaria alimaliza kukata viazi vitamu akakosa pa kuvianika. Mwamba ambao wanawake wote huanikia michembe, vipande hivyo vya viazi vya kukaushwa, ulikuwa umejaa vya wenzake. Chini palikuwa na kuku, na kuku wa kitongoji kile hawana aibu. Akatazama paa la jiko, akaiona ile sola waliyofungiwa na watu wa mradi: kioo safi, kimeinama kidogo kulielekea jua, kina joto kama kikaango. Akapanda juu ya kinu akapanga vipande vyake vyote pale.

Idrisa, fundi wa kutoka Tabora mjini aliyezifunga sola zile, alikuwa ameshasema kisiwekwe kitu juu yake. Lakini alisema hivyo wakati mbuzi anaitafuna kanga ya Apolinaria, na mtu hasikilizi mambo mawili.

Michembe ikakauka siku hiyohiyo. Jioni taa haikuwaka. Apolinaria akaichemsha michembe na karanga, akampakulia kwanza binti yake Julieth wa darasa la saba, maana mwenye mtihani ndiye hula kwanza. Julieth alipomaliza bakuli akaanza kuwaka.

Alianzia tumboni. Mwanga ukapenya sweta la shule, ukapanda kifuani, ukatokea masikioni. Haukuwa mwekundu kama wa kibatari. Ulikuwa mwanga wa saa nne asubuhi kabisa, na jogoo akawika. Baba yake, Revocatus, akasogeza kigoda karibu na mtoto, akautafuta mwiba uliokuwa ukimsumbua kidoleni, akautoa.

"Usiondoke kwanza," akasema. "Nadhani kuna mwingine."

Apolinaria ni mtu wa hofu. Kesho yake alimpeleka binti zahanati. Muuguzi akamuuliza Julieth kama inauma. Julieth akasema haiumi, ila akila maharage inatekenya. Muuguzi akashauri asivae nguo nzito.

Idrisa naye akaja na bisibisi yake. Akafungua betri, akamtazama mtoto, akafunga betri.

"Betri yenu nzima, mama. Chaji imeingia kwenye viazi. Sasa imeshaliwa, hairudi."

"Hatapasuka?"

"Sijawahi kuona aliyepasuka," akasema Idrisa, ambaye hata aliyewaka hakuwahi kumwona.

Basi wakazoea. Apolinaria mwenyewe aliishia darasa la saba. Alikuwa akisoma kwa kibatari, na mafuta yalikuwa yakiisha kabla ya ukurasa. Alitaka jambo moja tu: Julieth afaulu, aende sekondari. Sasa Julieth alikuwa akiegemeza kitabu tumboni anasoma mpaka anasinzia, na wadudu wanamzunguka kwa heshima. Mama akaendelea kuanika kwenye sola, kimyakimya. Hapo ndipo alipokosea, na mwenye mtoto ajifunze hapo.

Maana Kasimiri alipita njiani akaona. Huyu ndiye mwenye mabani mengi ya kukaushia tumbaku pale kitongojini, na ghala lake ndilo watu wanapangia majani yao. Tumbaku hupangwa kwa rangi, na rangi hutazamwa mchana, kwa sababu taa ni mwongo. Jani la kahawia ukilipanga kwa taa litakuambia ni la rangi ya chungwa, likifika sokoni linakuumbua. Lakini mwanga wa Julieth haukuwa wa taa. Ulikuwa jua lenyewe, lililopitia kwenye kiazi.

"Mama Julieth," akasema Kasimiri, "niazime mtoto jioni hii. Hashiki kitu. Atakaa tu."

"Ana mtihani, kaka."

"Atasoma hukohuko. Kwani nani atamnyang'anya kitabu?"

Apolinaria akamtazama mumewe. Revocatus akatazama kidole chake. Bani lao lilianguka na mvua za masika, na tumbaku yao yote ilikuwa ghalani kwa Kasimiri.

Julieth akaingia ghalani, na ghala likaonekana. Kati ya majani walikuwa wamepiga magoti watoto wa darasa lake, wale ambao shuleni walisemekana wana malaria. Imakulata, aliyesemekana yuko Nzega kwa shangazi yake, alikuwa pale pembeni akifunga mafungu na kupiga chafya. Na katikati, juu ya gunia, alikuwa amekaa mwalimu wao Benjamini, anachambua tumbaku yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Sogea huku kidogo, nione rangi."

Hakuna aliyeona vibaya. Watoto walikuwa hapo tangu zamani, isipokuwa zamani giza likiingia liliwaruhusu kwenda nyumbani. Sasa giza lilikuwa likifika mlangoni, linamwona Julieth, linarudi. Wakabaki wote. Na kwa kuwa mtu hawezi kukaa bure wenzake wakifanya kazi, Julieth naye akapewa fungu lake.

Apolinaria akaacha kuanika kwenye sola. Akampa mtoto ugali na mlenda, na Julieth akaanza kufifia vizuri. Ndipo Kasimiri akaja mwenyewe na beseni la michembe aliyoikausha juu ya sola yake, limefunikwa kitambaa cha maua. Chakula cha jirani hakirudishwi. Julieth akala, akawaka kuliko mwanzo.

Nasikia wanawake wa kijiji cha Puge nao wanauliza kama sola inakausha vizuri. Inakausha vizuri sana. Waanike kwenye mwamba.

Jioni iliyofuata Apolinaria alikwenda ghalani na kitabu cha sayansi chini ya kanga. Akasimama nyuma ya binti yake, akakifungua kwenye mwanga wa shingo yake, akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Alipokwama kwenye neno, Julieth alimsahihisha bila kuinua macho kutoka kwenye majani.

"Punguza sauti, Mama Julieth," akasema Kasimiri. "Watu wanapanga."

Akapunguza. "Taja vyanzo vitatu vya mwanga."

"Jua," akasema Julieth. "Mshumaa."

"Cha tatu?"

Watoto wakamtazama Julieth, kisha wakarudi kwenye kazi zao.

"Tochi," akasema Julieth.

"Ndivyo kilivyosema kitabu. Andika usije ukasahau."

Julieth akanyoosha viganja vyake kwenye mwanga wake mwenyewe. Utomvu wa tumbaku ulikuwa umevigandia, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko.

"Niandike kwa mkono upi, mama?"

"Geuka kidogo, binti," akaita mwalimu Benjamini kutoka kwenye gunia. "Huku kwetu giza."

Julieth akageuka. Mama yake akazunguka naye, kitabu mkononi, akautafuta mstari.