Uvimbe wa Ayandele

Asubuhi moja Ayankemi alikuwa akimkanda baba yake kwapani kwa kitambaa cha maji ya moto, uvimbe ukapiga ngoma. Ulipanda na kushuka sauti kama ngoma ya kubanwa kwapani, ile inayoiga maneno ya watu, na mtu yeyote wa mji wa Iseyin angeuelewa. Ulisema umefika kwenye pafu.

"La kushoto?" akauliza mzee Ayandele.

"La kushoto, Baba."

"Basi lete uji kabla haujafika kooni."

Watu wa ukoo huu wa wapiga ngoma huzaliwa na mabaka ya rangi ya kahawa mgongoni na vinundu laini mwilini. Huviita mihuri ya Ayan, mpiga ngoma wa kwanza, na asiye navyo hutaniwa kwamba mama yake alimwokota sokoni. Kwa hiyo kinundu cha Ayandele kilipoanza kukua kwapani, pale pale inapokaa ngoma, na vidole vikafa ganzi, hakuna aliyemtaja daktari. Shangazi Ayanbunmi aligawa mbegu za kola kusherehekea baraka hiyo ya Ayan. Kilipotimia ukubwa wa embe, wakachinja mbuzi. Hawakuwa watu wabaya, walikuwa na furaha tu.

Uvimbe ulipokwisha kutaja pafu, Ayankemi alimpeleka baba yake hospitali ya Ibadan. Daktari aliusikiliza uvimbe, Ayankemi akimfasiria, kisha akatazama picha za eksirei. Uvimbe na picha vilikubaliana. Akasema ni saratani ya utando unaoufunika mshipa wa fahamu, haionekani mara nyingi, na ina mbio.

"Mngemleta kilipoanza kukua, tungekikata."

"Kilipoanza kukua tulikuwa tunacheza ngoma," Ayankemi akasema, masikio yakimwaka kwa aibu.

Daktari akasema mabaka na vinundu ni dalili ya ugonjwa wa kurithi, akaagiza wenye navyo wote wapelekwe kuchunguzwa.

Uvimbe ulitangaza pafu la kulia, kisha ini, kila mara ukianza kwa majina ya sifa ya ukoo, kwa adabu. Siku ya soko ulinyamaza, na Ayandele pia. Baada ya maziko Ayankemi aliwaeleza jamaa maneno ya daktari. Walimsikiliza mpaka mwisho, wakamshukuru, wakarudi kwenye chakula.

Wiki iliyofuata Ayankemi alikuwa akioga, kinundu chake mwenyewe cha kwapani, alichozaliwa nacho, kikagonga mara moja kama ngoma. Shangazi alikuwa nje akianika nguo.

"Kemi, ni wewe huyo?"

"Ni mimi, Shangazi."

"Ah! Baba yako hakuondoka bure."

Ayankemi akajifunga kanga haraka, akafungua mlango aseme anakwenda Ibadan. Ua ulikuwa umeshajaa watu, ngoma ya baba yake imeshushwa ukutani, na mbuzi ameshafungwa kamba.