Moka Hakuwa Mgonjwa

Simu ilipoita, Marlys Hofer alikuwa ameinama bandani, mkono mmoja ndani ya gunia la chakula cha mbwa, mwingine umeshika kiuno. Hakutaka kupokea. Watoto wa mbwa wa mwisho wa mwaka ule walikuwa wameondoka wiki hiyo hiyo, kila mmoja na bwana wake, na kichwa chake kilikuwa bado kinavuma kwa kelele zao. Lakini mfuga mbwa haachi simu ikalia. Huenda ni mtu ambaye mtoto wake amemeza soksi.

"Bi Marlys? Trent Bruggeman hapa, wa Sioux Falls. Ulitupatia Moka."

"Namkumbuka. Yule wa rangi ya chokoleti."

"Sasa ndo hivyo. Hatuwezi tena. Kala kochi."

"Mito ya kochi?"

"Kochi, mama. Kochi lenyewe. Njoo umchukue."

Marlys alisema atakuja. Hakuwa na la kujadili, maana sharti lilikuwa lake mwenyewe. Kila aliyekuja kuchukua mtoto wa mbwa pale shambani, Dakota Kusini, alisimamishwa mlangoni akaambiwa: ukishindwa, mbwa anarudi hapa. Haendi kwenye makao ya mbwa waliotupwa, hauzwi mtandaoni, hapewi binamu. Wote waliitikia kwa kichwa, kama watu wanaosikiliza habari za jirani.

Ndani ya nyumba mumewe, Verlyn, alikuwa mezani na kipande cha keki, fimbo yake imening'inia kwenye kiti. Tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga, kazi yote ya miguu ilikuwa ya Marlys, yake ikabaki ya mdomo.

"Nani tena?"

"Yule wa kofia mpya."

"Nilijua! Mtu anakuja kuchukua mbwa wa kuwinda, kofia bado ina mikunjo ya dukani."

"Ulijua ukanyamaza."

"Nilikuwa nakula."

Marlys hakucheka. Alitafuta funguo za pikapu.

Walianza kufuga mbwa hao aina ya Labrada nywele zao zikiwa bado nyeusi. Labrada wa kawaida hunusa ndege, humkurupusha, na akipigwa humwokota. Hao wa Hofer walikuwa na la ziada kwenye damu. Wakimnusa ndege aliyejibanza kwenye majani, waliganda. Pua mbele, mkia umenyooka, mguu mmoja hewani, wakangoja mwenye bunduki afike. Watu walitoka mbali kuwafuata. Na kuzalisha hakukuwa kazi, mama mbwa alizaa mwenyewe. Kazi ilikuwa kuwatafutia nyumba. Mbwa wa damu ile akifungiwa mjini pasipo shamba wala ndege, huwa balaa kwa wenyeji na kwa nafsi yake. Kwa hiyo Marlys alihoji watu kama mzazi anayeozesha binti. Unawinda wapi? Na nani? Ukiumwa, nani atamtoa? Na bado mara nyingine alidanganywa na kofia.

Aliendesha kwa muda wa saa tatu, mabua ya mahindi yaliyovunwa kulia na kushoto, mbingu ya Novemba imeshuka rangi ya bati. Magoti yalimwuma. Alijiambia kwamba huyu akishapata pahala, basi. Hatazalisha tena. Alikuwa ameshajiambia hivyo mara nyingi, lakini leo hapakuwa na sauti ndani yake ya kubisha.

Nyumba ya akina Bruggeman ilikuwa ya mwisho kwenye mtaa mpya wa pembezoni, nyumba zimefanana kama mayai kwenye trei. Aliyefungua mlango alikuwa mwanamke kijana, macho yamevimba. Alisema anaitwa Tessa, mke wa Trent.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Ametoka. Kasema ana kazi."

"Jumamosi?"

"Ndiyo," Tessa alisema. "Jumamosi."

Marlys alielewa. Si mara ya kwanza mwanamume kumwachia mkewe amkabidhi mbwa. Alipita sebuleni, pale kochi lilipokuwa limebaki mbao na chemchemi za chuma, akasimama kwenye mlango wa nyuma. Tessa akamshika mkono.

"Kabla hujamchukua, lazima nikwambie. Si haki nikufiche. Moka ni mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini?"

"Nadhani kifafa. Nimempeleka kwa daktari, hakuona kitu, lakini mimi nimekiona kwa macho yangu. Anakuwa mzima kabisa, mara anakakamaa. Namwita, hasikii. Macho yamemtoka, anatetemeka kidogo hivi, mguu unabaki juu. Nimekaa naye nje kwenye baridi, nimemkumbatia mpaka impite. Trent anasema ni ukichaa tu."

"Inamshika wapi hasa?"

"Pale kwenye uzio. Asubuhi zaidi."

Nyuma ya uzio wa waya kulikuwa na kipande cha magugu, kisha shamba la mahindi. Moka alikuwa huko huko, amenenepa kuliko inavyotakiwa. Alikuwa anazungukazunguka kwa uchovu wa mtu asiye na la kufanya. Upepo ukageuka. Mbwa akasimama katikati ya hatua. Pua mbele, mkia umenyooka.

"Ona!" Tessa alipiga kelele. "Ona, imeanza!"

Marlys alianza kucheka. Kicheko kilimpanda kutoka mbali, kikamshika mbavu, akalazimika kuegemea mlango.

"Binti yangu," alisema alipopata pumzi. "Huyo si mgonjwa. Huyo yuko kazini."

Alikwenda hadi kwenye uzio, akaupiga teke. Magugu yakalipuka. Jogoo wa fesanti, ndege wa porini mwenye shingo ya kijani na mkia mrefu, akaruka akifoka, akaenda zake juu ya mabua. Tessa alishika kifua. Moka hakumfuata. Aligeuza kichwa akawatazama wale wanawake wawili, kama anayeuliza mbona wamechelewa hivyo.

"Mumeo hakukueleza?"

"Alisema ni mbwa anayeelekeza. Nilidhani anaelekeza... sijui, njia."

"Hakumpeleka shambani?"

"Mara moja. Mvua ikawanyeshea. Halafu akanunua mashua."

Kisha Tessa akafuta macho kwa mkono wa sweta. "Basi usimchukue. Kumbe hana ugonjwa."

"Kochi bado limeliwa."

"Kochi ni kochi tu. Nitajifunza kuwinda mimi."

"Umewahi kushika bunduki?"

"Hapana."

"Umewahi hata kuchinja kuku?"

"Nanunua waliokwisha tengenezwa."

"Mama, kila mtu huahidi kujifunza akiwa mlangoni," Marlys alisema. "Wakishaondoka hawajifunzi."

Maneno yalitoka makali kuliko alivyokusudia, lakini hakuwa na nguvu ya kuyalainisha. Alimfunga Moka kamba, akampandisha pikapu. Kwenye kioo alimwona Tessa amesimama barabarani, mikono imelegea, bila koti.

Nyumbani, Moka alipelekwa kwenye banda la pembeni. Mama yake mzazi alimnusa kupitia wavu, akanguruma, akaenda kulala. Marlys alimpigia Lowell Stranik wa Nebraska, mwindaji wa siku nyingi. Mbwa aliyempata kwake zamani alikuwa amekufa kwa uzee kiangazi kile, na Lowell alikuwa kwenye foleni. Alifurahi, akasema ataanza kuandaa banda. Angekuja baada ya Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba. Marlys alikata simu akaona mzigo umeshuka.

Jumamosi iliyofuata, gari dogo la mjini liliingia uani. Akashuka Tessa. Viatu vyake vilikuwa vigumu kama magogo, na kizibao cha wawindaji cha rangi ya chungwa kilikuwa bado na uzi wa lebo unaning'inia.

"Sikuja kumchukua," alisema kabla hajaulizwa. "Nimekuja kujifunza. Ukinifukuza leo, nitarudi wiki ijayo."

Marlys alikuwa na ndoo mbili za maji mikononi. Alimtazama, akatafuta hasira ndani yake, hakuikuta.

"Nenda kwa yule mzee," alisema. "Mimi nina mabanda ya kuosha."

Verlyn aligeuza ndoo akaikalia mbele ya ghala, fimbo katikati ya magoti. Ilikuwa kama amerudishiwa ujana. Siku nzima Marlys alisikia sauti yake ikipanda na kushuka.

"Bunduki si mtoto mchanga, usiibembeleze! Iminye begani. Haya. Sasa hapo ulilenga kopo au ghala langu?"

"Kopo!"

"Basi ghala limejipiga lenyewe."

"Mzee, nimesema kopo!"

"Nakusikia. Ghala ndilo halisikii."

Jioni Tessa alikula nao nyama na viazi vya kuokwa, bega limevimba, akarudi Sioux Falls. Wiki iliyofuata akaja tena. Alipata leseni. Alijifunza kupuliza filimbi, na Moka akajifunza kwamba mlio ule una maana. Mara moja Trent naye alikuja. Alibaki ndani ya gari na simu yake. Verlyn alimpelekea kahawa, wakaongea habari za mashua, na hakuonekana tena.

Verlyn hakuweza kutembea shambani, kwa hiyo siku ya kuwinda kwelikweli ilimwangukia Marlys. Theluji ya kwanza ilikuwa imefunika mabua nusu. Alitembea nyuma ya Tessa akihesabu tu pale ambapo goti lingemwuma na pale ambapo lisingemwuma. Mwilini hakuwa na hamu ya ndege wala ya mbwa. Alitaka kiti.

Kwenye matete Moka aliganda.

"Amekushikia ndege," Marlys alisema kwa sauti ya chini. "Usikimbie. Anakungoja wewe."

Tessa alitembea kama anayeingia kanisani amechelewa. Jogoo akachomoka mbele ya miguu yake. Alipiga risasi, akapiga tena, jogoo akazidi kwenda. Moka aligeuka akamtazama.

"Nimekosa. Umeona alivyoniangalia?"

"Anaangalia wote hivyo. Mume wangu kaangaliwa hivyo maisha yake yote."

Wa pili alikosa pia. Wa tatu alianguka kwenye theluji. Moka alimfuata, akarudi naye mdomoni kichwa juu, akampita Marlys bila hata kumtupia jicho, akamweka ndege mkononi mwa Tessa. Tessa alimshika jogoo yule aliye bado na joto, na uso wake haukujua ufanye nini.

"Sasa?" aliuliza.

"Sasa unamchuna."

Hapo ndipo Marlys alipoanza kuangalia kwa makini. Kufyatua bunduki si kitu, hata Trent angeweza. Tessa alimlaza ndege kwenye mlango wa nyuma wa pikapu, akavua glavu, akaingiza kisu alipoonyeshwa. Alikunja uso. Aligeuka pembeni akakaribia kutapika, akarudi, akaendelea. Vidole viliganda, damu ikamwingia kwenye kucha, na hakuuliza kama kuna mtu mwingine wa kuifanya kazi ile. Alipomaliza alimpa Moka moyo wa ndege, akamtoa barafu iliyomkwama kati ya vidole vya miguu, kisha ndipo akatafuta glavu zake.

Marlys alifumba macho kidogo. Alijua angelazimika kufanya nini, na lilimchosha kabla hajalianza.

"Na mumeo je?" aliuliza wakiwa njiani kurudi.

"Ama atauza mashua, ama ataondoka yeye. Hatujaamua." Tessa alitazama nje. "Mimi nimehamishia kochi jipya ghorofani. Kuna mlango unaofungika."

"Na hizo saa zote za kuja huku kuwinda?"

"Kuna shamba nyuma ya uzio wangu, Bi Marlys. Nimekwenda kumwona mwenye shamba. Kanipa ruhusa. Mke wake kaniambia niwe namletea ndege mmoja mmoja."

Hilo Marlys hakuwa amelifikiria.

Walipofika alifungua banda la pembeni, akatoa blanketi la Moka, akampa Tessa bila hotuba yoyote. Sharti hakulirudia. Tessa alimkumbatia ghafla, kizibao kinanuka baruti na damu. Marlys alisimama ameshikilia mikono hewani, kisha akampigapiga mgongoni. Moka aliruka kwenye kiti cha mbele cha gari dogo, akajikunja, na walipotoka uani alikuwa ameshalala.

Marlys alidhani angejisikia vizuri. Alichosikia ni nyayo zake zikiwaka moto ndani ya viatu. Aliingia jikoni na theluji yake viatuni, akanyanyua simu, akampigia Lowell Stranik.

Lowell alikasirika. Hakumtukana, hakuwa mtu wa matusi, lakini alimwambia yote. Kwamba amemngoja. Kwamba ameshaandaa banda na kutandika majani. Kwamba katika miaka yao yote hajawahi kumrudisha mbwa hata mmoja, na leo anapokonywa kwa ajili ya mwanamke wa mjini aliyejifunza kufyatua juzi. Marlys alisikiliza mpaka mwisho. Lowell alisema atatafuta kwingine, akamtakia Krismasi njema, simu ikakatika.

"Kachukia?" Verlyn aliuliza. Alikuwa amesimama kwenye jiko bila fimbo, jambo ambalo hakuruhusiwa.

"Kachukia."

"Atapoa."

"Hatapoa, Verlyn. Na ana haki."

Verlyn alimimina kahawa, akaweka kikombe mbele yake, akamvutia kiti. Marlys aliinywa amesimama. Alijijua, akikaa hatainuka tena, na nje mbwa walikuwa wameanza kubweka, maana walikuwa bado hawajalishwa.