Miwa ya Dorotea Mbugani

Mwikwabe alipooa mara ya pili alikuwa na mvi kichwa kizima, na kama angeulizwa, angesema hakuna jipya lililobaki la kumshangaza upande wa ndoa. Mke wake wa kwanza alikuwa amefariki miaka mingi nyuma. Mwanawe Enoka alikuwa amepata kazi Bunda, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Pale nyumbani, kijiji cha mashariki ya Bunda ambako mbuga inaanza kufunguka, alikuwa amebaki yeye, ng'ombe wake, na Nyamburi, mke wa Enoka, aliyekuwa akimpikia.

Ndipo akaletewa habari za Dorotea, mjane wa Mugango, mwanamke wa ziwani, mwenye kicheko kinachosikika kabla hujamwona mwenyewe. Wakaonana, wakapendana, wazee wakakaa, mambo yakaisha. Ulikuwa mwaka ule ambao sukari inapatikana kwa mgao, na sabuni watu wanaisimulia kama ndugu aliyesafiri.

Siku Dorotea alipohamia, lori la pamba lilimshusha barabarani na mizigo yake: godoro, masufuria, kikapu cha dagaa, na gunia bichi lililofungwa kwa majani ya migomba. Mwikwabe alilibeba lile gunia mwenyewe akidhani ni samaki, pua kaigeuzia upande. Kwao samaki hawakuwa chakula cha mtu mzima mwenye ng'ombe.

Gunia likafunguliwa. Ndani mlikuwa na vipande vya miwa, kila kimoja na pingili tatu au nne, ncha zimepakwa tope zisikauke. Vingine vilikuwa vyeusi, weusi wa zambarau iliyoiva. Vingine vyekundu. Na vichache vilikuwa vya njano, vimepigwa milia myekundu toka juu hadi chini kama vitambaa vya dukani enzi duka lilipokuwa na vitambaa.

"Afadhali," Mwikwabe alisema. "Sukari yenyewe hakuna."

"Si ya kula hii, baba Enoka," Dorotea akajibu. "Hii ni ya kuangalia."

Burito, jirani aliyekuwa amekuja kumwona bibi harusi, alicheka mpaka akaketi chini. Muwa wa kuangalia! Mwaka huu! Lakini Dorotea hakuudhika. Alieleza tu, huku akivipanga vile vipande kivulini, kwamba mama yake kule Mugango alikuwa na miwa ya rangi mbele ya nyumba, mstari mmoja wa kila aina, na hakuna aliyeigusa.

"Ya kutafuna ilikuwaga kule chini, kwenye tope la ziwa," alisema. "Ya mbele ya nyumba tulikuwaga tunaiangalia tu. Mgeni akija anajua amefika kwa watu."

Akapanda siku hiyo hiyo, mbele ya nyumba, juujuu, kama walivyopanda kwao. Vipande vichache alivibakiza, akavisimamisha nyuma ya mtungi wa maji, mahali panapodondoka.

Ilikuwa vizuri alivibakiza. Mvua za vuli zilinyesha kidogo zikakata. Udongo mweusi wa mbuga, ambao ukilowa unang'ang'ania jembe, ukakauka ukapasuka nyufa za kuingiza mkono, na mchwa wakamaliza kilichobaki. Mwikwabe aliogopa kumtazama mkewe usoni. Kumbe Dorotea alikuwa amechuchumaa anachokonoa udongo kwa kijiti, hana hata chozi.

"Nilipanda kama niko Mugango," alisema. "Kule ziwa linanywesha lenyewe, mtu unalala. Huku lazima mimi ndio niwe ziwa."

Akazunguka nyumba mara kadhaa, kisha akasimama nyuma ya bafu, lile la mabua lisilo na paa, pale maji ya kuoga yanapotokea. Akamwomba mumewe achimbe mtaro. Mwikwabe akachimba, maana mke wa mwaka wa kwanza akiomba kitu unaanzia wapi kukataa? Dorotea akajaza samadi ya zizini iliyokaa muda mrefu, akachanganya majivu kwa ajili ya mchwa, akalaza vile vipande ubavu, macho yake ya kuchipulia yakiangalia pembeni, akafukia, akafunika juu kwa majani makavu.

Shida ikabaki maji. Kisima kilikuwa mbali, na maji ya kunyweshea maua yangewafanya watu waseme kweli. Ndipo Mwikwabe akaanza kuogeshwa.

"Baba Enoka, nenda ukaoge."

"Nimeoga asubuhi."

"Miwa ina kiu."

Akaoga. Nyamburi naye akaoga, na wageni waliofika na vumbi la njiani wakakaribishwa bafuni kabla ya kiti. Na kwa kuwa sabuni haikuwepo, maji yalitoka kule nyuma safi yasiyodhuru mmea. Burito alisema hajawahi kuona mzee anang'aa namna ile bila mafuta.

Miwa ikachipua. Ikapanda mpaka magoti, mpaka kifua, mpaka ikachungulia ndani ya bafu. Mwanzoni Mwikwabe hakuona rangi yoyote, akamwambia mkewe labda zimekufia njiani. Dorotea akamshika mkono, akampeleka, akabandua ganda la jani kavu lililoukumbatia muwa. Chini yake shina lilikuwa limepauka.

"Bado halijaona jua," alisema. "Liache wiki hii uone."

Naye akaona. Kila walipobandua, jua la mbugani, lile jua ambalo Mwikwabe amelilaani maisha yake yote kwa ajili ya malisho, lilishuka kwenye shina na kulipaka. Mweusi ukaiva ukawa mweusi kweli, na juu yake unga mweupe mwembamba unaofutika kwa kidole. Mwekundu ukawaka. Na ule wa milia, huo ndio uliomshika. Hapakuwa na pingili mbili zilizofanana. Asubuhi akitoka kukamua alikuwa akipitia nyuma ya bafu, kibuyu cha maziwa mkononi, anasimama. Hakumwambia mtu. Nyamburi alijua, kwa sababu uji ulikuwa ukipoa.

Basi, kiangazi cha mwaka uliofuata kilikuwa kikali. Mchana mmoja Mwikwabe alikuwa kwa Burito kwenye kinywaji, na ng'ombe wake mmoja, jike mzee aitwaye Madoa, ambaye alimpenda kuliko wote, akavunja ua wa nyuma. Kwa mnyama ambaye miezi hajaona jani bichi, miwa ile ilikuwa sikukuu. Alipogunduliwa alikuwa bado anatafuna, macho kafumba.

Mweusi na mwekundu ilibaki visiki, na visiki huchipua. Lakini wa milia Madoa alikuwa ameung'oa na mizizi yake, akaukanyaga, akaula wote.

Mwikwabe alirudi akitegemea kusutwa. Dorotea alikuwa anachambua mboga.

"Ng'ombe hana kosa," alisema. "Ameona kijani."

Maneno yakaishia hapo. Aliendelea kupika, kuchota, kuzungumza na majirani. Ila kicheko hakikusikika, na nyumba ambayo Mwikwabe alikuwa ameizoea kimya miaka yote ile, sasa kimya hicho kilimkera kama kokoto kiatuni.

Siku ya tatu akaaga kwamba anakwenda Bunda kumwona Enoka. Bunda alifika kweli, akamsalimu Enoka wamesimama, kisha akadandia lori linalokwenda njia ya Musoma. Akashuka Kiabakari, akashika njia ya Mugango kwa miguu.

Alfonce, kaka mkubwa wa Dorotea, alimkuta shemeji yake amekaa kizingitini miguu imejaa vumbi, akaogopa.

"Dada mzima?"

"Mzima. Nimekuja kuomba muwa."

Alfonce alisikiliza habari ya Madoa yote bila kucheka, jambo ambalo Mwikwabe alimheshimu kwalo mpaka mwisho. Wakaenda kuiona miwa ya mbele ya nyumba. Ilikuwa mirefu kupita paa, minene, imenyooka, majani yanapiga kelele kwa upepo wa ziwa. Mwikwabe aliizunguka, kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi:

"Shemeji, ya kwetu ni mifupi. Lakini rangi, ya kwetu inazidi."

"Huku mawingu mengi," Alfonce akakubali. "Inakunywa sana, inajisahau." Akaukata muwa mmoja wa milia, akampa sehemu ya juu. "Chukua huku. Huko chini macho yamezeeka, huku juu ndiko yana nguvu."

Chakula kilipoletwa kilikuwa sato mzima kwenye sahani, jicho linamtazama mgeni. Mwikwabe akafikiria heshima ya mke wake. Akanawa, akala. Akakuta anachokonoa mpaka kichwani.

Kurudi, pale Kiabakari, mgambo waliokuwa wakisaka walanguzi walilisimamisha lori. Mmoja akalibonyeza gunia la Mwikwabe kwa rungu.

"Mzee, una nini humu? Sukari?"

"Miwa."

"Ya kuuza wapi?"

"Si ya kuuza. Si ya kula. Ya kuangalia."

"Mzee, unanitania mimi niko kazini?"

Gunia likafunguliwa mbele ya abiria wote. Ile milia ikatokeza katikati ya majani ya migomba, imelowa, inang'aa. Yule mgambo akashika kipande kimoja, akakigeuza.

"Ni maua ya mke wangu," Mwikwabe alisema, na kwa vile watu walikuwa wanamtazama, akaongeza kwa sauti zaidi, "Ng'ombe wangu aliyala. Nayarudisha."

Kicheko kilichopigwa pale kiliwaamsha waliosinzia. Mgambo naye alicheka, akafunga gunia mwenyewe, lakini hakurudisha kile kipande. Alikuwa bado anakiangalia.

"Kapande," Mwikwabe akamwambia. "Mahali pa maji na jua. Ila ukikitafuna nitajua."

Alifika nyumbani jua linaegemea. Dorotea alikuwa anafagia uwanja. Aliliona gunia, akaona majani ya migomba, ambayo huku mbugani hayapatikani, akaacha ufagio ukaanguka.

"Umekwenda Mugango?"

"Alfonce anakusalimu."

Akapiga magoti kufungua, akatoa vipande kimoja kimoja, anavipangusa kwa ncha ya khanga, na Mwikwabe akajifanya anaangalia zizi ili amwachie nafasi ya kufuta macho.

"Kwetu walikupa nini ukala?" aliuliza hatimaye.

"Sato."

"Wewe? Sato?"

"Na kichwa."

Hapo ndipo kicheko kilipotoka, na Burito kule kwake akakisikia.

Ua ulijengwa upya kwa miiba, mara mbili, na Madoa akazeeka akiuangalia kwa mbali. Miaka ikaenda. Maduka yakaanza kufunguliwa tena, mitumba ikafika mnadani, sukari ikarudi rafuni ikakaa bila foleni, na watu waliopata kupumua kidogo wakaanza kutaka nyumba zao zipendeze. Wakaja kuomba mbegu. Dorotea aliwagawia, kila mmoja na maelekezo yake: wa Makoko, kando ya ziwa, asimwagilie sana, wa mbugani atafute maji ya bafu.

Mdogo wake Selestina, aliyeolewa Butiama, alipewa aina zote tatu. Mwaka mzima akalalamika kwamba hazikui. Basi Dorotea na Mwikwabe wakaenda kuona, wamevaa vizuri.

Kule kwenye vilima vya mawe asubuhi zina baridi, na miwa ilikuwa imejikunyata, pingili fupi fupi, kimo cha mtoto. Lakini ule wa milia ulikuwa umegeuka. Nyekundu yake ilikuwa imekolea ikawa kama mvinyo, na njano imekuwa dhahabu.

"Umeona?" Selestina alinung'unika akileta chai. "Vibete."

"Usiviguse," Mwikwabe akasema. "Hivi ndivyo vizuri kuliko vyote."

"Kuliko vyangu?" Dorotea akadakia.

Mwikwabe aliona alipoingia, akatafuta njia ya kutokea, akaikosa. Dada hao wawili walikuwa wanamtazama, mikono kiunoni, wanangoja. Akavuta kiti akakihamishia nje karibu na ile miwa, akaketi na kikombe chake, akasema suala hilo linahitaji mtu akae aangalie kwanza, na asiharakishwe.