Kibuyu cha Aliyefika Pwani

Chakacha, chakacha.

Kungali giza, jogoo bado kuwika, Josepha alisikia chembe za chumvi zikicheza ndani ya kibuyu kikavu, upande wa pili wa ukuta. Baba yake, Mzee Anselm, ameamka na wasiwasi. Kibuyu hicho alikileta babu kutoka pwani enzi za kubeba pembe za ndovu, kimejaa maji ya bahari, ushahidi kwamba amefika. Maji yalikauka zamani. Ilibaki chumvi, na majivuno. Maana kwa Wanyamwezi wa siku zile kijana hakuhesabiwa mwanamume mpaka afike pwani; aliyeishia njiani alirudi kimyakimya, akachunga mbuzi.

Kibuyu hicho ndicho kilichomponza Josepha.

Miaka mitatu nyuma, yeye na Limbu, kijana wa kijiji cha Ziba, walikaa benchi moja kwenye darasa la jioni. Wote walikuwa makarani wa mahakama ya mwanzo hapo Tabora. Barua zao zilikuja siku moja: wamepata nafasi ya kusomea uhakimu Morogoro. Josepha alikimbia nayo nyumbani, mwanawe Apolinaria mgongoni.

"Wamechukua wangapi mkoa huu?" baba aliuliza.

"Sitini, baba."

"Sitini! Hao wanachota watu kama maharage. Na chuo cha Dar?"

"Dar huchukua wachache mno. Hata mtoto wa Hamoud wa dukani, na akili zake zote, walimkataa."

"Unaona! Chuo chenye kukataa watu ndicho chuo. Halafu Morogoro ni njiani, mwanangu." Akakitikisa kibuyu. "Babu yako alipita huko na pembe begani, hata shingo hakugeuza. Wewe ndiyo uishie hapo?"

Josepha angeweza kubisha. Hilo ndilo lililomchoma mpaka leo: hakubisha, kwa kuwa hata yeye kichwa kilikwisha kumvimba. Barua ya kukataa nafasi aliiandika mwenyewe, kwa mwandiko safi aliojifunza jioni kwa taa ya chemli. Akafanya mtihani wa Dar. Dar wakamkataa kwa mistari miwili.

Limbu alikwenda Morogoro, akarudi hakimu. Siku hizi akiingia mahakamani, Josepha husimama pamoja na wezi wa kuku.

Mwaka huu alimeza fundo, akaomba Morogoro upya. Majibu yalikuwa yafike leo.

Kesi zilipokwisha, Limbu alimwita.

"Naam, Ndugu Hakimu."

"Wacha uhakimu, Josepha. Si mimi yule niliyekuwa nachungulia daftari lako?" Alicheka kidogo, kisha hakucheka tena. Alikuwa ameshika bahasha. "Walioomba mwaka huu ni wengi, dada yangu. Mkoa mzima wamechukua wawili."

"Na mimi simo."

"Humo. Nilikupendekeza kwa moyo wangu wote, Mungu anajua."

"Najua, Limbu. Ahsante." Akarudi kupanga majalada, moja juu ya jingine, mpaka saa ya kutoka.

Jioni waliketi kwenye ugali na mlenda. Baba hakuuliza mpaka alipokwisha kunawa.

"Wamesemaje?"

"Wamekataa, baba. Mkoa mzima wamechukua wawili."

Mzee alilishika tonge asilitie mdomoni. "Wawili tu? Kumbe ni chuo kikubwa kile!"

"Ni kile kile, baba. Walimu wale wale. Vitabu alivyosoma Limbu ndivyo vile vile."

Mkono wa mzee ulikwenda kwenye kibuyu, ukasita, ukarudi magotini.

"Mimi ndiye niliyekupoteza, mama."

"Barua niliandika mimi, baba. Kula."

Mbali, stesheni, treni ya Dar ilipiga honi. Mzee alijifuta macho kwa kiganja, akamgeukia mjukuu wake, apate pa kushika.

"Haya wewe, mke wangu. Mama yako kanichoka. Ukikua utapanda treni ile ukaniletee maji mapya ya bahari?"

Akampa kibuyu. Apolinaria alikitikisa, akasikiliza, akamtazama mama yake aliyekuwa akimega ugali bila kuula. Kisha akakiweka chini.

"Mimi nitashuka Morogoro," alisema.